Mtanimwagilia siku ngapi?

Mama yangu ni mjane wa fundi mwashi. Naliweka hili mbele kabisa, maana bila hilo swali alilomuuliza daktari mtaliona la mzaha, na halikuwa mzaha. Zaidi ya miaka 30 aliishi na mwanamume aliyerudi jioni na saruji kwenye nyusi. Nyumba yetu ya Makorora, Tanga, waliijenga wenyewe chumba baada ya chumba, baba akipanga matofali na mama akibeba ndoo za maji kulimwagilia zege asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, lisije likapasuka kwa jua.

Kwa hiyo kijana yule wa kidaktari alipogeuza kioo cha kompyuta upande wetu, akaweka kalamu juu ya picha ya kiuno cha mama na kusema, "Mama, hapa tutapitisha sindano tukujaze saruji ndani ya mfupa," mimi tumbo lilinikata. Mama alikunja uso kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ya mifuko. Akauliza: "Na mtanimwagilia siku ngapi?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Hii haimwagiliwi, mama. Inajipika yenyewe. Dakika kumi na kitu imeshakuwa jiwe."

Tulipotoka mlangoni mama akaninong'oneza: "Saruji isiyotaka maji, hiyo si saruji." Nilimwambia aache ubishi. Baadaye niligundua kwamba katika jengo zima lile, yeye ndiye aliyekuwa amesema jambo sahihi kuliko wote.

*

Nirudi nyuma, kwenye basi. Mama alikuwa anatoka msibani Lushoto. Coaster ilikuwa imejaa, akapewa siti ya nyuma kabisa, ile ya watu watano, ambayo anayeijua safari hataikaa kama ana hiari. Karibu na Muheza dereva hakuliona tuta. "Nilipaa, nikarudi," ndivyo anavyosimulia hadi leo, kwa maneno hayo mawili. Na alipotua alisikia kitu ndani ya kiuno: *ka!* Kama mtu anayekata pingili ya muwa.

Pingili ndilo neno lenyewe hasa. Vitabu vya shule vinauita kila mfupa mmoja wa uti wa mgongo pingili, na kiunoni zimepangwa tano, nene kuliko zote za juu, kwa sababu ndizo zinazobeba kiwiliwili. Iliyokatika ilikuwa ya pili kati ya hizo tano. Lakini hilo tulilijua wiki sita baadaye, na wiki sita hizo ndizo zinazonichoma hadi leo.

Wiki ya kwanza tulisema ni uchovu wa safari. Wiki ya pili akaitwa mkandaji, mama mmoja wa mtaani mwenye mikono inayosifiwa na kila mtu, akamlaza kifudifudi na mafuta ya karafuu na kumkanda haswa. Usiku ule mama alilia. Sijapata kumsikia mama akilia kwa maumivu, hata alipomzaa mdogo wangu nyumbani. Wiki ya tatu tukaenda hospitali, akapigwa eksirei, tukarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba mgongo una mabadiliko ya umri, pamoja na diklofenaki na mkanda wa kufunga kiunoni.

Mabadiliko ya umri! Mama ana miaka 71, ni kweli. Lakini siku moja kabla ya basi lile alikuwa anakuna nazi ameinama juu ya mbuzi, na siku moja baada ya basi hakuweza kujigeuza kitandani bila kushikwa mikono. Umri hauji kwa Coaster.

Na picha ilikuwa inaonyesha. Hilo ndilo la kusikitisha. Filamu ileile niliibeba hadi Dar es Salaam ndani ya bahasha ya kaki, na daktari wa pili aliiinua mbele ya dirisha, hakuchukua hata nusu dakika. "Unaona hii? Zenzake ni za mstatili. Hii imebonyea mbele imekuwa kabari." Alituambia tusimlaumu sana yule wa kwanza, kwamba dunia nzima karibu theluthi mbili ya mivunjiko ya namna hii hupita bila kutambuliwa, kwa sababu mgonjwa ni mzee na mzee kuumwa mgongo si habari. Mimi nilimlaumu hivyohivyo, kimoyomoyo.

*

Kwa nini mfupa wa mtu uvunjike kwa tuta? Abiria wengine wanne wa siti ile walishuka wakimtukana dereva tu, basi.

Daktari hakuanza na saruji. Alianza na hofu mbili ambazo mtu wa kwetu hawezi kuzirukia: kifua kikuu cha uti wa mgongo, na saratani iliyohamia mfupani. Zote mbili huangusha pingili. Ndiyo maana akaagiza MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Alinielekeza niangalie vitu viwili, na nilivielewa ingawa mimi ni mhasibu. Kwanza, pingili iliyovunjika karibuni huwa imevimba ndani kwa majimaji, na katika aina fulani ya picha za MRI hung'aa kuliko zenzake. Ya mama iling'aa kama balbu. Pili, kifua kikuu hupenda kula hata ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili. Sahani za mama zilikuwa salama. Hilo peke yake halikumtosha. Alisema atachukua kipande kidogo cha mfupa kwa sindano ileile kabla ya kujaza, kipimwe maabara, na ndivyo ilivyofanyika, na majibu yakaja hayana cha kutisha.

Kisha akamuuliza mama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Unatumia dawa gani za siku nyingi?"

Mama ana pumu. Ana pumu tangu mimi sijazaliwa. Na kwa miaka, kila kifua kikibana, alikuwa anatuma mtoto duka la dawa na noti kununua vidonge vya prednisolone, maana viliwahi kumsaidia mara moja alipolazwa na tangu hapo akavifanya rafiki. Alivimeza kama pipi. Sisi wanawe tulimnunulia, tena kwa fahari ya kuhudumia mzazi.

Prednisolone huokoa maisha, sitaki mtu asome hapa akaitupe. Na anayeitumia siku nyingi haruhusiwi kuiacha ghafla, mwili huwa umeshasahau kutengeneza homoni yake inayofanana nayo. Hupunguzwa polepole na daktari. Lakini ukiimeza mfululizo inaanza kula mifupa tangu miezi ya mwanzo, na inaipenda zaidi ile mifupa yenye ndani kama sifongo, ambayo ndiyo pingili za mgongo. Juu ya hilo weka kukoma hedhi, ambako humwondolea mwanamke homoni inayolinda mfupa. Mfupa unabaki na umbo lilelile, ukiutazama kwa nje hujui kitu, ndani umekuwa mkate wa mofa. Kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Daktari aliueleza kwa kifupi: "Nyumba yote imeliwa na mchwa. Tuta limeangusha dirisha moja."

Mama alitikisa kichwa. Lugha hiyo anaijua.

*

Sasa hii saruji. Nilitoka pale nikaenda kusoma, kama mtoto yeyote mwenye simu na hofu.

Mwaka 1984, katika mji wa Amiens huko Ufaransa, mwanamke mmoja alikuwa na maumivu makali ya shingo. Uvimbe wa mishipa ya damu ulikuwa umekula pingili yake ya pili kutoka juu. Madaktari wawili, Pierre Galibert na Hervé Deramond, waliamua kuijaza pingili ile kwa sindano bila kumpasua. Maumivu yakamwachia. Waliandika habari zake mwaka 1987, na baada ya hapo watu wakajiuliza swali la kawaida: kama inashika pingili iliyoliwa na uvimbe, itashindwaje kushika iliyobondeka kwa uzee? Mwaka 1998 daktari wa California, Mark Reiley, akaongeza puto: unaliingiza ndani ya pingili, unalijaza ili kuinua paa lililobonyea, unalitoa, ndipo unamimina. Nilimuuliza daktari wetu kuhusu puto. Alisema bei yake ni ya mbinguni na kwa mama halingebadilisha kitu kikubwa, hapo hapo nikampenda.

Lakini kilichonifurahisha ni kitu chenyewe kinachomiminwa. Jina lake ni polimethili methakrileti, na mama alikuwa sahihi: si saruji hata kidogo. Haina chokaa, haina udongo, haitaki maji. Ni plastiki. Ni ndugu wa kioo cha plastiki kinachotengenezewa taa za nyuma za magari. Poda inachanganywa na kimiminika, vinashikana, vinatoa joto kwa hasira, vinakuwa kigumu. Na iliingiaje mifupani? Kupitia kinywani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Mwingereza John Charnley, aliyekuwa akitafuta namna ya kuzishikiza nyonga za bandia zisichezecheze, alielekezwa na Dennis Smith, mwanasayansi wa chuo cha meno cha Manchester, kwenye akriliki ya kutengenezea meno ya bandia.

Meno ya bandia! Mama anayo. Ya chini, meno manne juu ya fizi ya pinki ambayo huilaza usiku kwenye kikombe cha bati. Ile fizi ya pinki ndiyo hiyohiyo. Nilipomwambia kwamba wanachotaka kumjaza kiunoni tayari anacho mdomoni alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi haitanidhuru, miaka minane natafunia samaki."

*

Fedha sitaieleza sana. Bima yake ililipia MRI, kwenye saruji ikasema hapana, tukachangishana watoto wanne na mjomba mmoja. Wataalamu nao si wengi. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa tiba radiolojia, yaani kutibu kwa sindano na mirija mgonjwa akiwa chini ya mashine ya picha, mwaka 2018, ikisaidiwa na walimu kutoka nje. Mwaka uliofuata MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo, kikaifanya kuwa shahada ya uzamili. Kabla ya hapo mtu wa hali ya mama alikuwa na njia mbili, India au subira.

Siku yenyewe sikuruhusiwa kuingia, haya ni kwa maneno yake na ya muuguzi. Alilazwa kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga. Hakulazwa usingizi wa kufa; alipewa dawa ya kumlegeza na sindano za ganzi, za juu kwenye ngozi na za ndani hadi kwenye gamba la mfupa. Mashine ya eksirei yenye umbo kama mkono uliokunjwa ilimzunguka, na daktari akawa anatazama kioo huku akisukuma sindano nene, kama milimita tatu unene wake, kupitia kiguzo chembamba cha mfupa kilicho upande wa nyuma wa pingili. Mfupa ukigoma, anagonga kwa nyundo ndogo. Mama anasema sauti ya nyundo ilimkumbusha baba akipiga tindo.

Kisha muuguzi akachanganya. Hapo, anasema mama, ndipo alipoisikia harufu. "Kali, inapanda puani mpaka kwenye macho. Kama rangi ya kucha, lakini ndoo nzima. Nikasema alhamdulillahi, ndiyo hii sasa, napona."

Inachanganywa, inasubiriwa mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Ikiwa nyepesi mno inakimbia. Ndani yake kuna bariamu ili ionekane kwenye picha ikiwa inaingia, kama wino mweusi unaoenea, na daktari husukuma kidogo, anatazama, anasukuma kidogo, tayari kuacha ikielekea nyuma kwenye neva kuu ya mgongo au ikiingia kwenye mshipa wa damu. Kuvuja kidogo pembeni hutokea mara nyingi na hakuleti kitu. Mara chache sana hubana neva au husafiri hadi mapafuni, na hapo ni balaa kweli. Karatasi ya kutia saini ilisema hivyo na mimi ndiye niliyeishika kalamu. Mama alijazwa mililita nne. Vijiko vya chai visivyofika hata kimoja. Nilitarajia karai.

Saa moja ilitosha. Alilazwa chali kwa saa mbili, na jioni ile, kabla ya Magharibi, akaketi. Mwenyewe. Akateremsha miguu, akaomba kanga yake, akasimama. Nililia mbele ya watu wazima.

*

Hapa ndipo makala nyingi za namna hii huishia, na mimi ningependa kuishia hapa. Ila siku kumi baadaye, bado nikiwa na furaha, niliendelea kusoma.

Agosti 2009 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha kwa pamoja majaribio mawili. Moja liliongozwa na Rachelle Buchbinder huko Australia, wagonjwa 78. La pili liliongozwa na David Kallmes wa Mayo Clinic ya Marekani, wagonjwa 131. Wote walikuwa na pingili zilizobondeka kama ya mama. Walipigiwa kura: nusu wajazwe saruji, nusu wafanyiwe kiinimacho, yaani maigizo ya tiba bila saruji. Na kiinimacho chao kilikuwa cha ufundi. Katika lile la Marekani mgonjwa alilazwa chumba kilekile, akachomwa ganzi hadi kwenye gamba la mfupa, akabonyezwa mgongoni. Na muuguzi akafungua kichupa cha kile kimiminika ili harufu itande chumbani.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Walifungua kichupa.

Baada ya mwezi mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu ya waliojazwa na ya walionusishwa haikutofautiana kwa kiasi cha kusemeka.

Vita vilivyofuata sitavimaliza leo. Watetezi wa saruji walisema majaribio yale yalichukua hata watu waliovunjika karibu mwaka mzima nyuma, mfupa ulishaungana, saruji ya nini tena? Hoja ya haki. Mwaka 2016 kundi la Sydney likajaribu kwa wagonjwa 120 waliovunjika chini ya wiki sita na wenye maumivu makali: siku ya 14, asilimia 44 ya waliojazwa maumivu yao yalikuwa yameshuka chini ya nne kwa kumi, na kwa wale wa kiinimacho asilimia 21. Watetezi wakashangilia. Mwaka 2018 Waholanzi wakaleta wagonjwa 180, hadi wiki tisa za kuvunjika, na tofauti ikapotea tena. Mtu mwingine akagundua jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa: kule Sydney kundi la kiinimacho lilichomwa ganzi ya ngozi tu, ilhali Uholanzi na Marekani ganzi ilifika hadi kwenye mfupa. Pengine ile ganzi ya ndani nayo ilikuwa dawa. Pengine kiinimacho hakikuwa kiinimacho kitupu.

Na mama alikuwa wiki ya saba. Yaani hata katika mabishano ya wazungu alikaa mpakani.

Nilimpigia daktari simu, nikitarajia atajitetea. Alisema majaribio hayo anayajua, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa hali hii huwa anawarudisha nyumbani na vidonge, mazoezi na subira, kwa sababu wengi wao hupoa ndani ya wiki sita hadi nane bila kuguswa. Alimchagua mama kwa mambo matatu: picha ilikuwa bado inang'aa, tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, haikumshika, na alikuwa ameshaanza kuozea kitandani, kifua kinakoroma na makalio yameanza wekundu. "Mzee wa pumu akilala chali mwezi wa pili, hamtamzika kwa sababu ya mgongo. Mtamzika kwa nimonia." Kisha akasema, "Kama ni saruji, kama ni ganzi, kama ni harufu, mimi nilimtaka asimame wiki ile."

Sikujua nimshukuru au nimdai nusu ya pesa.

Mama nilimwambia. Ndugu zangu walinikataza, wakasema nitamharibia dawa. Lakini sipendi kumficha mtu aliyelala kifudifudi yeye, si mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wale wengine walinusishwa tu?" Ndiyo. "Na wakapona?" Wakapata nafuu, ndiyo. Akacheka kicheko kirefu, mkono kiunoni, kicheko ambacho wiki mbili nyuma kingemtoa roho. "Basi wangeniambia, ningenusa bure."

*

Kitanda cha pili wodini kulikuwa na dada wa miaka hamsini na kitu, ambaye kisa chake nakitaja kwa kuwa wengi hawakijui. Alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, akapona, Mungu ashukuriwe. Mwaka mmoja baadaye akaanza kuumwa chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya makalio, asiweze kukaa. Kila mtu, na yeye mwenyewe, akajua saratani imerudi. Haikuwa imerudi. Mionzi iliyomponya ilikuwa pia imedhoofisha sakramu, ule mfupa wa pembetatu unaofunga uti wa mgongo katikati ya nyonga, nao ukapata nyufa bila hata kuanguka. Nyufa hizo hushuka pande mbili na wakati mwingine huunganishwa na moja ya kukingama, zikachora herufi H. Madaktari wanaiita alama ya Honda, kwa ile nembo ya gari. Huo nao hujazwa, ingawa ni kazi ngumu zaidi kwa kuwa mfupa umepinda na neva zinapita kwenye matundu yake. Alipoambiwa si saratani aliomba arudiwe maneno hayo mara ya pili, taratibu.

*

Miezi tisa baada ya saruji mama aliinama kuepua sufuria, na ile *ka!* ikarudi. Pingili ya juu yake.

Kuna wasemao kwamba saruji ngumu huivunja jirani yake laini. Tafiti zinabishana. Kisichobishaniwa ni kile cha mchwa: katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliovunjika pingili alivunjika nyingine ndani ya mwaka uliofuata. Na sisi, nakiri, baada ya kusherehekea saruji tulikuwa tumelegea kwenye dawa. Aliandikiwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, kidonge kimoja kwa wiki, bei yake si kitu ukilinganisha na tuliyochangishana. Kinataka tumbo tupu, glasi nzima ya maji, na nusu saa bila kulala wala kula, la sivyo kinachoma koo. Mama kilimchoma mara moja akakiweka kabatini bila kumwambia mtu. Tulikuta pakiti imejaa.

Sasa anakinywa kila Ijumaa baada ya Alfajiri, anakaa barazani wima kama askari mpaka nusu saa iishe, na mdogo wangu anapiga simu kuhakikisha. Pumu amehamishiwa kwenye pampu ya kuvuta, ambayo hupeleka dawa kifuani badala ya kuitawanya mwili mzima. Prednisolone iliteremshwa kidogo kidogo kwa miezi. Anakula dagaa na miba yao, ambavyo alikuwa anakula tangu zamani, kwa hiyo hapo hatukumfundisha kitu. Na siti ya nyuma ya basi ni haramu kwake, fatwa ya wanawe.

Pingili hii mpya haikujazwa. Maumivu yalivumilika, vidonge vilitosha, alitembezwa tangu siku ya tatu. Wiki ya sita alikuwa sokoni anabishana bei ya changu. Ile ya kwanza wiki ya sita alikuwa hawezi kujigeuza. Nimeyapanga haya mawili kichwani kama mhasibu, safu ya kushoto na safu ya kulia, na hesabu haifungi. Safari ya pili hakukandwa. Hakulazwa. Alijua kinachomuuma ni nini. Na huenda tuta lilikuwa kubwa kuliko sufuria.

Mwezi uliopita meno yake yalidondoka kwenye sinki yakapasuka. Nilikuwa Tanga kwa likizo, nikampeleka Ngamiani kwa fundi wa meno, chumba kidogo chenye feni moja na taya za plasta zimepangwa dirishani. Fundi, kijana, alimsalimia shikamoo, akampa kiti, akachukua poda ya pinki kwenye kikombe cha udongo, akazibua chupa ndogo ya kahawia na kudondosha.

Mama aliinua pua. Akanitazama. Mkono wake ukaenda taratibu nyuma, kiunoni, ukakaa hapo.

Fundi alikuwa anatafuta kizibo. "Mwanangu," mama akamwambia, "hicho kichupa usikifunge kwanza."